Watafiti walikuja, ripoti ikatoka, kijijini hakuna kilichobadilika

SWALI: "Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Kanda ya Kati. Kijijini kwetu zipo kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Watafiti wamekuja zaidi ya mara moja. Wanakaa na mama wa watu hadi chakula cha mchana kinaungua, wanamuuliza wamekula nini wiki hii, ana kuku wangapi, mtoto ameugua mara ngapi, wanaingiza majibu kwenye tableti, wanaaga. Binti yangu aliyeko chuo alinipakulia ripoti mtandaoni. Ni kurasa zaidi ya mia, Kiingereza kitupu, nikaisoma kwa kamusi. Kijiji chetu hakitajwi, na lile tunalolalamikia kila siku halimo: zahanati haina dawa, lakini mama asipompeleka mtoto kliniki ruzuku inakatwa. Nilimpelekea mtendaji, akasema hayo ni mambo ya wafadhili. Nikampa diwani, akanishukuru, na miezi inapita. Kisha akaja mgeni kutoka wilayani akatangaza mkutanoni kwamba utafiti umethibitisha mpango umefanikiwa. Watu wananiuliza: tathmini hizi zina faida gani kwetu? Viongozi hawazisomi, au wanazisoma na kuzidharau? Ipo njia ya kuzifanya zifanye kazi huku chini? Na watafiti wakirudi, tuwapokee au tuwakatae?"

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa kusoma kurasa zote hizo kwa kamusi. Wapo maafisa wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo ambao hawajafika ulipofika.

Chini ya maswali yako naona dukuduku moja: watu wa kijiji chenu wametoa muda wao na mambo ya ndani ya nyumba zao, kisha wameachwa bila neno. Dukuduku hilo ni la haki kabisa. Lakini zipo dhana mbili tatu ambazo inabidi tuzinyooshe kwanza, maana ukiendelea nazo utagonga milango isiyohusika na utachoka bure.

Dhana ya kwanza ni kwamba tathmini hizi hazitumiki. Zinatumika, ila si hapo mlipo ninyi. Angalia historia ya ruzuku hiyohiyo. TASAF ilianza mwaka 2000, na katika miaka yake ya mwanzo wananchi wengi waliijua kwa madarasa, zahanati na visima. Wazo la kuzipa kaya maskini fedha mkononi, kwa masharti ya kliniki na shule, lilijaribiwa kwanza katika wilaya tatu: Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vilichaguliwa vijiji 80. Kwa bahati nasibu, 40 vikaanza kupokea na 40 vikasubiri, ili ijulikane kama mabadiliko yanatokana na fedha au yangetokea tu kwa sababu mwaka ule mvua ilikuwa nzuri. Takwimu za mwanzo zilikusanywa mwaka 2009, na watafiti wakarudi mwaka 2011 na 2012. Walikuta kaya zilizopokea zinafuga zaidi kuku na mbuzi, watoto wao wana viatu, na bima ya afya inatumika zaidi kulipia matibabu. Mahudhurio ya zahanati yalipanda mwanzoni, baadaye yakashuka, na siku za kuugua za watoto wadogo nazo zikapungua. Watafiti wakasoma kushuka huko kuwa dalili njema: watoto wameanza kuwa na afya, hawana sababu ya kwenda kila mara.

Kulikuwa pia na hoja ambayo bila shaka umeisikia hata vijijini, kwamba maskini akipewa fedha ataimalizia kilabuni. David Evans, mmoja wa waliofanya tathmini hiyo ya wilaya tatu, alishirikiana na Anna Popova kupitia tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, na hawakukuta ushahidi kwamba ruzuku za fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Ushahidi wa namna hiyo uliwapa nguvu waliotaka kuendelea na mpango. Kuanzia mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza kutoka wilaya tatu kwenda nchi nzima, na ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo mama anayepokea ruzuku kijijini kwenu leo anaipokea, kwa sehemu, kutokana na majibu waliyotoa akina mama wa Chamwino na wenzao katika madodoso yaleyale marefu yanayowakera. Hilo ni vizuri kulisema kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu ni kweli na watu wanastahili kulijua.

Sasa kwa nini matunda hayo hamyaoni? Kwa sababu tathmini hujibu swali la aliyeiagiza. Mpango huu umegharimiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Dunia pamoja na michango ya wafadhili wengine. Anayekopesha na anayekopa wana swali lao: fedha zinaleta tofauti kiasi cha kustahili kuendelea? Swali hilo hujibiwa kwa wastani wa maelfu ya kaya, na hujibiwa kwa ratiba ya mkopo. Ninyi swali lenu ni lingine kabisa: kwa nini robo hii ruzuku za akina mama kadhaa zimekatwa wakati zahanati ilikuwa haina kitu? Hakuna aliyelificha swali lenu. Halikuulizwa.

Wewe ni mwalimu, utanielewa haraka. Matokeo ya mtihani wa taifa yanaweza kuonyesha kwamba ufaulu wa hisabati umepanda nchi nzima, na yakawa ya kweli, lakini hayawezi kukuambia kwa nini mtoto wa dawati la nyuma darasani kwako hajui kugawanya. Wastani unaopanda unabeba ndani yake vijiji vilivyopanda sana, vilivyobaki palepale, na pengine vilivyoshuka. Kijiji chenu kutoonekana kwenye ripoti, tena, ni sehemu ya ahadi mliyopewa. Mtafiti akiapa kutunza siri za walioongea naye, hawezi kuandika kwamba katika kijiji fulani mama fulani alilalamika. Siri hiyo inawalinda wanyonge wenu, ingawa inawaacha na hisia kwamba hamkusikika.

Dhana ya pili ni kwamba viongozi wa ngazi za chini hawataki ushahidi. Hapa nina habari inayoweza kukushangaza. Nchini Brazili, Jonas Hjort na wenzake walifanya utafiti uliohusisha manispaa 2,150. Mameya walipewa nafasi ya kugharamia kidogo ili wapate kujua matokeo ya tafiti, na walikuwa tayari kufanya hivyo. Tena walithamini zaidi tafiti zilizohusisha watu wengi kuliko zile za watu wachache, jambo ambalo hata msomi wa takwimu angelisifu. Kisha baadhi yao walielezwa, katika kikao kifupi, kuhusu njia rahisi iliyothibitishwa ya kuwakumbusha wananchi kwa barua walipe kodi. Mwaka mmoja hadi miwili baadaye, uwezekano wa manispaa zao kuitumia njia hiyo ulikuwa umeongezeka kwa pointi 10 za asilimia kuliko kwa wale ambao hawakuelezwa. Kikao kifupi tu, na barua ambayo meya anaweza kuamuru iandikwe kesho yake.

Zingatia hayo ya mwisho: ilikuwa hatua ndogo, nafuu, na iliyo mikononi mwa meya mwenyewe. Linganisha na matokeo mengine, ya Marekani. Stefano DellaVigna, Woojin Kim na Elizabeth Linos walifuatilia majaribio 73 yaliyofanywa na miji 30 ya huko. Miji hiyo ilijitolea yenyewe kufanya majaribio na ilipata matokeo yake yenyewe, kwa lugha yake yenyewe, kuhusu watu wake yenyewe. Ungetarajia itumie yote. Ilitumia asilimia 27 tu. Na kilichoamua hakikuwa hasa ubora wa matokeo. Kilichoamua zaidi ni kama jaribio lilifanywa juu ya jambo ambalo ofisi ilikuwa tayari inalifanya. Pale ambapo barua au tangazo lililokuwepo tangu zamani ndilo lililoboreshwa, asilimia 67 ya majaribio yaliingia katika kazi za kila siku. Pale ambapo kitu kilianzishwa kipya kwa ajili ya jaribio, ni asilimia 12 tu.

Nimekaa katika vikao vingi vya halmashauri nikiwasilisha matokeo ya tathmini, na takwimu hizo zinaelezea vizuri nilichokiona. Ripoti haifi kwa sababu mtu ameichukia. Inakufa kwa sababu hakuna mtu katika chumba kile ambaye, akiisoma, anaweza kusema: hili ni langu, na kikao cha kuliamua ni mwezi ujao, na kifungu chake cha fedha kipo. Diwani wako alipokushukuru, yawezekana alishukuru kwa dhati. Lakini wewe ulimpa nini? Ulimpa kurasa mia za matokeo juu ya kiwango cha ruzuku, vigezo vya kuchagua walengwa na mzunguko wa malipo, mambo ambayo yote yanaamuliwa makao makuu. Baraza la madiwani haliwezi kubadili hata moja. Hata mtendaji aliposema ni mambo ya wafadhili, kauli yake ilikuwa ya mkato na imekuumiza, lakini kwa yaliyokuwa ndani ya ripoti ile hakuwa mbali sana na ukweli.

Nikigusa suala la mgeni wa wilayani, hapo nina ukali kidogo. Mwanazuoni wa Marekani Carol Weiss, ambaye tangu miaka ya 1970 alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jambo hilihili unaloliuliza, alitufundisha kutofautisha matumizi ya tathmini. Yapo matumizi ya moja kwa moja: matokeo yanasema hivi, tunabadili vile. Hayo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Yapo matumizi ya polepole, ambapo wazo linapenya vichwani mwa watu kwa miaka hadi wanaliona la kawaida, na hakuna anayekumbuka lilitoka ripoti gani. Na yapo matumizi ya kujihami au kujipamba: uamuzi umeshafanyika, ripoti inanyanyuliwa jukwaani ili watu wanyamaze. Mgeni wenu alitumia kwa namna hii ya tatu. Hakusema uongo, kwa kuwa tathmini za mpango huu kweli zimeonyesha mafanikio. Kosa lake ni kuyageuza mafanikio ya wastani kuwa jibu kwa malalamiko ya kijiji ambacho hakuwauliza watu wake chochote. Siku nyingine, kwa heshima zote na mbele ya mkutano, mwulizeni maswali matatu: umethibitisha nini hasa, kwa watu gani, na ni kipi hakikubadilika? Aliyeisoma ripoti atajibu kwa furaha. Asiyeisoma atakuwa na sababu ya kuisoma kabla hajarudi.

Kuna sababu nyingine ya mimi kusisitiza kwamba watu wa chini si watazamaji. Jirani zetu Kenya waliwahi kulijifunza kwa gharama kubwa. Majaribio katika shule za magharibi mwa nchi yalionyesha kwamba kuongeza walimu wa mkataba kunainua ujifunzaji wa watoto. Ulikuwa ushahidi mzuri. Serikali ikaamua kuajiri walimu wa mkataba 18,000 nchi nzima. Watafiti wakiongozwa na Tessa Bold wakapata nafasi ya kulinganisha: shule nyingine mpango uliendeshwa na shirika la World Vision, nyingine na serikali yenyewe. Kwa shirika, watoto walijifunza zaidi. Kwa serikali, hakukuwa na mabadiliko yoyote ya maana. Chama cha walimu kilikuwa kimeupinga mpango na kudai walimu hao waingizwe kwenye ajira ya kudumu. Mishahara ilichelewa, na usimamizi ulikuwa hafifu. Ripoti ya kwanza ilijua kila kitu kuhusu watoto na karibu hakuna kitu kuhusu chama cha walimu, ofisi za elimu na mwalimu mkuu ambaye angebeba mzigo wote. Nadhani wewe ungeweza kuwaambia hayo kabla hawajaanza.

Tuje kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo la kazi: ipo njia?

Ipo, lakini ni nyembamba, na inaanzia mahali tofauti na ulipoanzia. Usianze na ripoti. Anza na uamuzi. Jiulize ni uamuzi gani ambao mtu fulani, mwenye cheo kinachojulikana, anaweza kuufanya kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapoisha, na ambao ungepunguza shida hii ya dawa na makato. Nikiitazama barua yako naona maamuzi mawili, na yana wenyewe wawili tofauti.

La dawa lipo karibu nanyi kuliko mnavyodhani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya imekuwa ikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo, badala ya kusubiri zigawiwe kutoka halmashauri. Zahanati yenu inapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na kamati hiyo ina sauti katika mpango wa kituo na matumizi yake. Mnawafahamu wajumbe wake? Walikaa lini mara ya mwisho? Nimeona vijiji vinavyoandika barua hadi wizarani kulalamikia dawa, huku kamati yao ya zahanati ikiwa haijaitisha kikao na hakuna aliyeiuliza. Inawezekana kabisa fedha ni ndogo au Bohari ya Dawa haikuwa na mzigo, na kamati ikashindwa. Hata hivyo mtajua mnapambana na nini.

La makato ni la mratibu wa TASAF katika halmashauri yenu, akishirikiana na kamati yenu ya kijiji ya mpango. Swali la kumpelekea ni moja tu, tena kwa maandishi: utaratibu unasemaje mlengwa anaposhindwa kutimiza sharti kwa sababu huduma yenyewe haikuwepo?

Na hapo ndipo unapohitaji tathmini, yenu wenyewe, ya ukurasa mmoja. Mwombe mganga mfawidhi mwangalie pamoja leja ya dawa kwa robo mwaka iliyopita: ni siku ngapi dawa za muhimu za watoto hazikuwepo? Kisha, bila kutaja majina hadharani, hesabuni ni kaya ngapi zilikatwa katika robo hiyohiyo, na ngapi kati ya hizo zilifika zahanati zikarudishwa. Mkiandika mambo mawili hayo yakiwa yamekaa pamoja, mmefanya kitu ambacho ripoti ya kurasa mia haikuweza kufanya, kwa sababu kinamhusu mtu mwenye uwezo wa kukirekebisha na kinagusa kazi ambayo tayari anaifanya. Kumbuka zile asilimia 67 na 12. Usimwombe mratibu aanzishe kitu kipya. Mwombe aboreshe fomu na hatua anazozipitia kila robo.

Ukurasa huo uufikishe kwa wakati. Mipango ya vijiji hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kisha halmashauri, na baraza la madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la Bajeti linaloanza Aprili. Hoja nzuri iliyofika Mei itapigiwa makofi tu. Ileile ikifika Novemba inaweza kuingia kwenye mpango. Diwani wako sasa umpe ukurasa huo, umwambie unaomba nini hasa na katika kikao kipi. Utaona tofauti ya namna atakavyokupokea.

Nisikudanganye kwamba njia hii inashinda kila mara. Kwa muda mrefu sisi wa fani hii tuliamini kwamba wananchi wakipewa taarifa, mambo yatanyooka. Matumaini yalikuwa makubwa baada ya utafiti wa Martina Björkman na Jakob Svensson nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2009. Jamii zinazozunguka zahanati na vituo vya afya 50 zilishirikishwa: nusu zilionyeshwa hali ya huduma zao na kukaa na wahudumu kupanga marekebisho. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa asilimia 33. Lakini watafiti wengine waliporudia zoezi la aina hiyo Uganda kwa vituo 376, vifo havikupungua, ingawa huduma iliboreka kidogo na wagonjwa waliridhika zaidi. Hapa kwetu Tanzania na kule Indonesia, vijiji 200 kwa kila nchi vilihusishwa katika zoezi la kuwawezesha wananchi kufuatilia huduma za mama na mtoto. Wananchi walishiriki, walibuni hatua zao, wengine walipata mafanikio madogo ya kwao, ila kwa wastani huduma na afya havikubadilika. Na nchini Kenya, wazazi walioonyeshwa jinsi watoto wao walivyo nyuma katika kusoma na kuhesabu hawakuongeza juhudi zao shuleni.

Kwa hiyo taarifa peke yake ni dhaifu. Inapata nguvu pale ambapo upande wa pili yupo mtu anayelazimika kujibu. Ndiyo sababu nasisitiza mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Katika zile wilaya tatu za majaribio, Evans na wenzake walikuta kwamba ruzuku iliongeza imani ya wananchi kwa viongozi wao wa kuchaguliwa, na iliongeza zaidi katika vijiji vilivyokuwa na mikutano mingi. Hilo ni jambo la kumwambia mwenyekiti wenu wa kijiji: kuitisha mkutano, kusoma ule ukurasa mmoja na kumwita mhusika ajibu kunamjengea yeye mwenyewe heshima.

Ukinyimwa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuziomba kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ninaitaja kwa sababu ni haki yako. Ushauri wangu lakini ni kwamba usianze nayo. Barua ya kisheria ikitangulia kabla ya mazungumzo huwafanya maafisa wajifunge, na ninyi mtaendelea kuishi nao. Anza kwa mdomo, fuata kwa barua ya kawaida, sheria iwe hatua ya mwisho.

Zipo hali ambazo ushauri wa kuandikiana kama huu hautoshi. Kama kaya imeondolewa kimakosa, kama mlengwa anapokea pungufu ya kilichoandikwa, au kama kuna anayewatisha walengwa ili watoe kitu kidogo, hayo hayasubiri tathmini yoyote. Nendeni ana kwa ana kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na kama yeye ndiye anayelalamikiwa, kwa mkuu wa wilaya. Penye harufu ya rushwa nendeni ofisi ya TAKUKURU ya wilaya au pigeni 113 bila malipo. Hali nyingine ni pale takwimu zinapotaka kutumiwa kufanya uamuzi mzito, mathalani kupunguza walengwa wa kata nzima kwa madai kwamba utafiti umesema. Hapo ombeni kikao na afisa mipango au mtakwimu wa halmashauri, mkae naye mezani na ripoti yenyewe, awaonyeshe ukurasa unaosema hivyo. Usikubali kusimuliwa.

Nimalizie na la watafiti kurudi. Wapokeeni, Mwalimu, lakini kwa masharti. Kila aliyeombwa kuhojiwa ana haki ya kukataa, au kuanza na kuacha katikati, na kukataa hakumwondoi kwenye orodha ya ruzuku. Waelezeni akina mama hilo waziwazi, maana wengi hujibu kwa hofu. Waelezeni pia kwamba mhoji hana uwezo wa kumwongeza wala kumpunguza mtu. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanaficha mbuzi wao ili waonekane maskini zaidi wapate kusaidiwa. Wengi wakifanya hivyo, tathmini itahitimisha kwamba ruzuku haikuongeza mifugo, na hitimisho hilo linaweza kutumika dhidi yao wenyewe. Majibu ya kweli ndiyo yanayowalinda.

Kabla ya kuanza, timu ikiripoti ofisi ya kijiji, halmashauri ya kijiji iombe kuona kibali, kikiwemo cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale kinapohitajika, na barua ya kutoka wilayani. Kisha iombe mrejesho, na iandike ombi hilo kwenye muhtasari wa kikao pamoja na jina la kiongozi wa timu: matokeo yaletwe lini, kwa Kiswahili, kurasa chache, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Timu nzuri hufurahia kuombwa hivyo, na nyingi zina bajeti ya mrejesho ambayo haijawahi kudaiwa na mtu. Waulizeni pia kama dodoso lina swali kuhusu upatikanaji wa dawa siku ambayo mama alikwenda kliniki. Kama halina, mwombe kiongozi wa timu alipeleke kwa waliolitunga kabla kazi haijasonga mbele, kwa sababu mara nyingi kuna siku za majaribio ya dodoso, na katika siku hizo swali moja linaweza bado kuongezwa.